Mnara upi uuchore kwa penseli: Siena, Bologna au Lübeck?

Watu wengi wanaopenda kuchora miji ya kale ya Ulaya huchagua mnara kwa uzuri wa picha. Wanaiona mtandaoni, wanaihifadhi kwenye simu, wanachonga penseli na kuanza. Wakifika katikati ndipo wanapogundua kwamba mnara ule unadai kitu ambacho mkono wao haujakizoea: matofali elfu kumi, au duara zisizokubali kukaa sawa, au mwinamo unaoonekana kama kosa. Mchoro unaingia kwenye droo, na mchoraji anajilaumu kuwa hana kipaji. Kipaji anacho. Alichokosa ni mtu wa kumwambia mapema kwamba mnara huo haukuwa wa kuanzia.

Nimechukua minara mitatu ya zama za kati na kuiweka sambamba: Torre del Mangia wa Siena, Italia, minara miwili ya Bologna, Italia pia (Asinelli na Garisenda, ambayo haitenganishwi), na lango la Holstentor la Lübeck, Ujerumani, lenye minara pacha. Yote ni ya matofali na yote ni alama ya mji wake, lakini kwa penseli kila mmoja ni kazi tofauti. Siena itakufundisha weusi na weupe. Bologna itakupima kwenye mstari, na Lübeck kwenye umbo. Ushauri wangu nautanguliza: kama hujawahi kumaliza mchoro wa jengo, anza na Siena. Kama unataka mchoro mmoja wa kutundika ukutani ambao mtu akipita atasimama, chora Bologna. Lübeck waachie wenye subira, na nitaeleza kwa nini.

Siena: mnara usio na mambo mengi

Torre del Mangia ulijengwa kati ya mwaka 1338 na 1348, umeungana na jumba la serikali ya mji, Palazzo Pubblico, kwenye uwanja wa Piazza del Campo. Una mita 102 ukihesabu na fimbo ya kukinga radi. Bila fimbo hiyo ni kama mita 88. Mwili wake ni mraba, mwembamba, wa matofali mekundu, umepanda kutoka kwenye paa la jumba hadi juu karibu bila pambo lolote. Kisha kinakuja kichwa: jiwe jeupe, kipana kuliko mwili, kimebebwa na vishikizo vya mawe vilivyojitokeza nje, kina meno ya ngome ukingoni, na juu kabisa kengele kubwa iko wazi kwenye fremu ya chuma.

Kwa mchoraji hiyo ni neema. Mistari mikuu ya mwili ni minne tu, kwa hiyo hutapoteza nguvu kwenye mapambo, na akili yako yote itaenda kwenye jambo ambalo wanaoanza hulikwepa, yaani kiasi cha weusi.

Penseli haina rangi. Tofali la Siena ni jekundu, anga la mchana ni la buluu, na macho yanaona vitu viwili vilivyoachana kabisa. Vigeuze kuwa kijivu na mara nyingi vinakutana pale pale. Ukijaza mnara kwa kijivu cha kati, halafu ukajaza na anga kwa kijivu cha kati, mnara unazama kwenye anga na hakuna mstari wa pembeni utakaouokoa. Watu hukimbilia kuuzungushia mstari mzito mweusi, na mnara unakuwa kama umekatwa kwa mkasi. Njia bora ni kuamua kabla ya kugusa karatasi nini kitakuwa cheusi kuliko nini. Fumba macho nusu ukiutazama mnara (au picha yake), maelezo madogo yafifie, ubaki na mafungu makubwa ya mwanga na kivuli. Kwa mnara huu mafungu manne yanatosha: anga uliache karatasi tupu, jiwe la kichwani upande wa jua lipate kijivu hafifu mno, tofali la upande wa jua lipate kijivu cha kati, tofali la upande wa kivuli lipate kijivu kizito.

Utauliza, je, kichwa cheupe mbele ya anga jeupe hakitapotea? Hakipotei, na hapa ndipo napenda mtu akae muda mrefu. Angalia pale chini ya kichwa, mahali vishikizo vinapokibeba. Mapengo yaliyo kati ya kishikizo na kishikizo ni meusi kuliko kitu kingine chochote kwenye mnara wote, kwa sababu jua haliingii humo. Yachore hayo mapengo kwa penseli laini ya 4B, moja moja, kila moja likiwa na tao dogo juu yake, na kichwa cheupe kinajitokeza chenyewe bila wewe kukizungushia mstari. Hujachora jiwe lenyewe. Umechora giza lililolizunguka, na jiwe likabaki. Somo hilo moja linatosha kukuingiza kwenye uchoraji wa majengo, na Siena inalitoa bila vurugu.

Kuhusu saa: upande wa jumba unaotazama uwanja umeelekea kaskazini-magharibi, kwa hiyo mwanga wa kuchorea ni wa alasiri kwenda jioni. Asubuhi jua linakuwa nyuma ya mnara na unachokiona ni umbo jeusi tu. Linapendeza kwenye picha ya simu lakini halimfundishi mchoraji kitu. Ukichagua picha, chagua ya alasiri. Na ukienda mwenyewe, kumbuka mashindano ya farasi ya Palio hufanyika uwanjani hapo tarehe 2 Julai na 16 Agosti; siku za karibu na hizo uwanja hujaa udongo wa kukimbilia farasi na majukwaa ya watazamaji, na mistari ya sakafu unayoihitaji hutaiona.

Mistari hiyo ina maana. Uwanja umegawanywa mafungu tisa kwa mistari ya jiwe jeupe inayoteremka na kukusanyika mbele ya jumba. Anayehangaika na kina cha mchoro amepewa msaada bure: chora mistari hiyo ikikimbilia chini ya jumba, na jicho la mtazamaji litapelekwa hadi kwenye kitako cha mnara. Ila angalia mteremko. Ukisimama ukingo wa juu wa uwanja, uko juu kuliko mlango wa jumba, kwa hiyo usawa wa macho yako hauko kwenye kizingiti cha mlango bali juu yake. Ukiukosea usawa huo, uwanja unakuwa tambarare na mnara unaonekana kuelea.

Sasa matofali. Tufanye hesabu kidogo. Ukichora mnara wa mita 88 kwa urefu wa sentimita 22, kila sentimita moja ya karatasi inabeba mita 4 za ukuta. Safu moja ya matofali, tuseme ya sentimita 7, inakuwa chini ya robo ya milimita. Ncha ya penseli iliyochongwa vizuri inaacha mstari mnene kuliko hapo. Kwa hiyo kuchora kila tofali kwenye karatasi ya A4 haiwezekani, na anayejaribu huishia na wavu wa mistari unaofanya mnara uonekane umejengwa kwa vitalu vya nusu mita. Weka alama za matofali mahali pawili au patatu tu, hasa pale kivuli kinapokutana na mwanga, na kwingine uache kijivu kitulivu. Jicho la mtazamaji litamalizia lenyewe.

Bologna: mstari usio na pa kujificha

Minara ya Bologna ilijengwa na familia tajiri mwanzoni mwa karne ya 12, wakati kila familia yenye jina ilitaka mnara wake na mji ukajaa minara. Leo imebaki kama ishirini hivi. Asinelli una urefu wa mita 97 na umeinama kiasi cha mita 2.2. Garisenda, jirani yake, una mita 48 na umeinama mita 3.2, karibu nyuzi 4. Zamani Garisenda ulikuwa karibu mita 60, lakini ardhi chini yake ilizama, na katika karne ya 14 ukapunguzwa kwa kuhofia utaanguka. Mshairi Dante aliuona kabla haujakatwa, na katika ushairi wake akamfananisha nao jitu linaloinama: ukisimama chini upande uliolalia, wingu likapita juu, mnara unaonekana unakuangukia.

Kwenye Siena ulijali weusi. Hapa unajali mstari. Mnara umeinama kweli, na mchoro wako lazima useme hivyo bila mtazamaji kudhani mkono wako ndio ulioteleza. Hii ndiyo changamoto kubwa kuliko zote katika ulinganisho huu.

Anza na vipimo. Urefu wa Asinelli ni kama mara mbili ya Garisenda; ukiuchora Asinelli sentimita 24, Garisenda utakuwa karibu sentimita 12. Ukitazama kutoka upande unaoonyesha mwinamo wote, ncha ya Asinelli itahama kutoka wima kwa kama milimita 5, na ncha ya Garisenda kwa milimita 8. Tazama tofauti hiyo: mnara mfupi unahama zaidi kuliko mrefu. Milimita 5 kwenye sentimita 24 ni kidogo mno, ni kiasi ambacho mkono wa kawaida hukosea bila kujua. Kwa hiyo huwezi kukisia. Chora kwanza mistari miwili ya wima kwa rula, hafifu kabisa, kwa penseli ngumu ya 2H. Hiyo ndiyo timazi yako. Kisha pima mwinamo kutoka kwenye mistari hiyo. Mwashi asingesimamisha ukuta bila timazi, na wewe usichore ukuta uliopinda bila kuwa nayo.

Na bado haitoshi. Mnara ulioinama peke yake kwenye karatasi tupu unasomeka kama kosa, hata vipimo vikiwa sahihi. Kinachouokoa ni majirani. Chora nyumba za pembeni, kona zake na fremu za madirisha, vyote vikiwa wima kamili, na uvichore kabla ya minara. Mtazamaji akishaona kwamba mkono wako unajua kunyoosha mstari, atakuamini unapoupinda. Bahati nzuri minara hii miwili inainama kila mmoja kwa njia yake, kwa hiyo inashuhudiana: pengo kati yake si sawa chini na juu, na ukilipata pengo hilo umelipata jambo lote. Usitazame minara. Tazama kipande cha anga kilichobanwa kati yake, kichore hicho kama umbo kamili lenye pembe zake, na kuta za minara zitakaa mahali pake.

Kuna maelezo mawili ya karibu ambayo yanastahili penseli kali. La kwanza ni matundu madogo ya mraba yaliyopangwa juu hadi chini kwenye kuta. Ndimo mafundi walimochomeka mbao za jukwaa. Kila tundu ni nukta moja nyeusi, na safu za nukta hizo zinafuata mwinamo wa mnara, kwa hiyo zikipangwa vizuri zinasema mwinamo bila mstari wa pembeni kusisitizwa. La pili ni kitako cha Garisenda. Huko chini ukuta si tofali bali vitalu vya selenite, jiwe la jasi kutoka vilima vya karibu, vikubwa na vyenye uso unaoakisi mwanga. Pale acha karatasi iongee: viungo vya vitalu kwa mstari mwembamba, na kijivu kidogo sana. Asinelli nao una jengo fupi lenye meno ya ngome lililozunguka chini yake tangu 1488, lilikokaa walinzi. Linausaidia mchoro kwa sababu linaupa mnara ule mwembamba mahali pa kusimama.

Mwanga wa Bologna hausumbui. Ukiwa kwenye Via Rizzoli unatazama mashariki, hivyo alasiri jua liko mgongoni mwako. Kuhusu kufika: Oktoba 2023 eneo la chini ya minara lilifungwa na kizuizi kikawekwa kuzunguka Garisenda, kwa wasiwasi juu ya usalama wake. Usipange kuchora ukiwa kwenye kitako. Kwa mchoro si hasara, maana ukiwa karibu minara inakimbia juu na kukutana, na mwinamo wa kweli unachanganyika na ule wa macho.

Jambo hilo ni zito zaidi kwa wanaochora kutoka kwenye picha. Simu ikielekezwa juu, kila jengo linaegemea ndani kuelekea katikati ya picha. Kwa Siena hiyo ni dosari ndogo, unaweza kuinyoosha kwa rula kwa kuwa unajua mnara ule umesimama wima. Kwa Bologna ni balaa: hujui mwinamo upi ni wa Garisenda na upi ni wa simu. Tafuta picha iliyopigwa kutoka mbali na kuvutwa karibu, na kabla ya kuiamini weka rula kwenye kona za nyumba za pembeni. Zikiwa wima, picha inafaa. Zikiwa zimeinama, iache hata kama inapendeza.

Lübeck: mzigo wa duara

Holstentor si mnara mmoja. Ni lango la mji lililojengwa kati ya 1464 na 1478 kaskazini mwa Ujerumani, lenye minara miwili mviringo yenye mapaa ya koni, na jengo la katikati linaloiunganisha. Ni pana kuliko lilivyo refu, kwa hiyo karatasi inalala; Siena na Bologna zinataka karatasi iliyosimama. Hilo linabadilisha mambo mengi. Kwenye karatasi iliyosimama jicho linapanda. Kwenye iliyolala jicho linatembea kutoka mnara hadi mnara, na lazima ulipatie mahali pa kupumzikia, ambapo hapa ni giza la tao la kupitia katikati.

Faida yake kubwa ni umbo la duara. Lile tatizo la tofali na anga kukutana kwenye kijivu kimoja, hapa halipo kwa ukali ule, kwa sababu mwili wa mviringo una mwanga, kijivu na kivuli chake kwenye ukuta ule ule. Weusi unaingia polepole kutoka upande mmoja, unafika kilele kabla ya ukingo, kisha unafifia kidogo pale mwanga unapoakisiwa kutoka kwenye jengo la katikati. Ukiuacha ule mwanga mdogo wa ukingoni, mnara unakuwa na nyuma. Ukiusahau, unakuwa kipande cha bati kilichopakwa.

Gharama yake ni hii: kuta zimezungukwa na mikanda ya mapambo ya udongo wa kuchoma, mkanda juu ya mkanda, na kila mkanda ni duaradufu. Mkanda ulio kwenye usawa wa macho yako ni mstari mnyoofu. Kadiri unavyopanda, mikanda inapinda zaidi, mgongo wa pinde ukielekea juu. Na hakuna miwili inayopinda sawa. Mtu akikosea kiwango cha pinde kwenye mnara mmoja, wa pili unaufichua mara moja, kwa kuwa ni pacha. Hii ndiyo sababu siupendekezi kwa anayeanza. Nimeona wanafunzi wenye mkono mzuri wakichora mnara wa kushoto vizuri sana, halafu wa kulia ukakataa kufanana nao, na hakuna kifutio kinachotatua hilo. Ilibidi waanze upya kwa kuchora mikanda yote miwili miwili, kushoto na kulia kwa pamoja, kutoka chini kwenda juu.

Ongeza na kuzama. Lango lilijengwa kwenye ardhi ya majimaji na lilianza kuzama hata kabla halijakamilika. Kuzama huko hakukukoma hadi lilipoimarishwa katika miaka ya 1930. Matundu ya chini ya kurushia risasi yako kama nusu mita chini ya usawa wa ardhi ya leo. Kwa hiyo usilipe msingi mrefu wala ngazi: linaota moja kwa moja kutoka kwenye majani, na hivyo ndivyo lichorwe.

Kuna uamuzi mwingine ambao Siena na Bologna hazikuulizi: upande upi? Upande wa nje unatazama magharibi, kuta zake zina unene wa mita 3.5 na matundu madogo, maana huko ndiko adui angetokea. Upande wa mjini unatazama mashariki, ukuta ni chini ya mita moja na madirisha ni mengi. Wa nje ni mzito, unataka penseli laini na mafungu makubwa ya kivuli, mwanga wake ni wa alasiri. Wa mjini ni wa madirisha na mdundo wake, unataka penseli ngumu iliyochongwa mara kwa mara, mwanga wake ni wa asubuhi. Kwa penseli mimi nachagua wa nje bila kusita. Una maandishi ya Kilatini ya dhahabu juu ya tao, CONCORDIA DOMI FORIS PAX (umoja nyumbani, amani nje); kwenye A4 usijaribu kuyaandika herufi kwa herufi, weka alama hafifu zenye urefu sahihi na jicho litaelewa kwamba ni maandishi.

Walio Ulaya wanaweza kutafuta sarafu ya yuro 2 ya Ujerumani ya mwaka 2006, ina Holstentor. Itazame kwa kioo cha kukuzia. Aliyeichonga alikuwa na nafasi ndogo kuliko ukucha, ikambidi aamue mikanda ipi ibaki na ipi iondoke. Maamuzi yake yanakufaa hata wewe mwenye karatasi nzima.

Penseli na karatasi kwa kila mmoja

Herufi zilizo kwenye penseli zinaeleza mchanganyiko. Mwaka 1795 Mfaransa Nicolas-Jacques Conté alipata hati miliki ya kuchanganya grafiti iliyosagwa na udongo na kuichoma. Udongo ukiwa mwingi penseli ni ngumu na hafifu (upande wa H), grafiti ikiwa nyingi penseli ni laini na nyeusi (upande wa B). Kwa Siena chukua HB, 2B na 4B. Kwa Bologna 2H ni ya lazima kwa mistari ya timazi, halafu HB na 2B. Ukiweka 6B kwenye kuta zile nyembamba zinavimba. Lübeck ndiyo inayokula penseli: HB, 2B, 4B na 6B kwa giza la taoni. Jihadhari na 6B ukiirudia mara nyingi mahali pamoja, inang'aa, na giza linalong'aa likitazamwa kwa pembeni linageuka kijivu. Ukitaka weusi usiong'aa tumia penseli ya mkaa hapo tu, na uiweke mwisho.

Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 inatosha kwa majaribio na si zaidi. Duka la vifaa vya ofisi Nairobi au Dar es Salaam halikosi manila nyeupe, na kwa Bologna manila inafaa kabisa: ni laini, haikwaruzi mstari. Kwa Siena na Lübeck napenda karatasi ya kuchorea yenye chembechembe kidogo, gramu 160 kwenda juu, kwa sababu chembe hizo zinashika grafiti kwa vipande na kukupa ukali wa tofali bila kuchora tofali. Mwingereza Samuel Prout, ambaye katika karne ya 19 alijipatia jina kwa kuchora miji ya kale ya Ulaya, alikuwa na mstari unaokatika-katika uliofanana na jiwe lililoliwa na miaka. Mstari wa namna hiyo unakubali kwenye karatasi yenye chembe. Kwenye karatasi laini unaonekana kama mkono ulikuwa unatetemeka.

Na Bruges je? Na Galata?

Mnara wa kengele wa Bruges, Ubelgiji, huulizwa sana. Una mita 83, sehemu mbili za mraba chini, na ya juu yenye pembe nane iliyoongezwa kati ya 1483 na 1487. Ni mzuri, lakini kichwa chake kina madirisha marefu, nguzo na mapambo kiasi kwamba nusu ya muda wako itaishia kwenye robo ya mnara. Umeinama sentimita 87, ambayo kwenye mchoro wa sentimita 24 ni milimita 2 na nusu. Hakuna atakayeiona kama mwinamo, wataiona kama kosa. Unyooshe.

Galata wa Istanbul ni habari nyingine, na wasafiri wengi wa Afrika Mashariki hupitia mji huo wakienda au wakirudi. Ulijengwa na watu wa Genova mwaka 1348, mwaka ule ule ujenzi wa Torre del Mangia ulipokamilika. Koni ya juu ya sasa ni ya ukarabati wa miaka ya 1960. Ni mviringo mmoja tu, kwa hiyo unakupa somo la Lübeck bila adhabu ya pacha. Usiuchore kutoka chini yake kwa sababu nyumba zimeubana. Simama kwenye Daraja la Galata uuone ukiwa juu ya mapaa. Kama unataka kufika Lübeck kwa hatua, huu ndio mlango.

Uamuzi

Anayeanza, mwenye penseli tatu na alasiri moja: Siena, A4 iliyosimama, anga uliache jeupe. Mwalimu mwenye darasa: Siena pia, kwa kuwa wanafunzi watamaliza, na kazi zao zitalinganishika kwa kitu kimoja kilicho wazi, kama kichwa cheupe kimetoka au hakikutoka.

Aliyekwisha kuchora majengo na anaona mistari yake imenyooka mno, imekosa uhai, aende Bologna. Ninaipa Bologna nafasi ya kwanza kwa mchoro wa kutundika, kwa sababu hakuna mji mwingine kati ya hii unaompa mtazamaji kile kiwewe cha kuona mawe yanakaribia kuanguka na hayaanguki.

Anayependa kazi ya polepole, anayefurahia kurudi kwenye karatasi ile ile jioni baada ya jioni, achukue Lübeck upande wa nje, apitie Galata kwanza kama hajawahi kuchora mnara wa mviringo.

Na kama mchoro ni zawadi kwa mtu, chagua mji aliowahi kufika, hata kama si ule unaoupendekeza mkono wako. Ukiangukia Bologna, tumia A3 iliyosimama, Asinelli uufikishe sentimita 30, acha vidole viwili vya anga juu yake, na zile nyumba za pembeni zikamilike kwanza, kabla hujaugusa mnara wowote.